Sashe ya bure sokoni, gharama yake nyumbani

Bukavu – Mvua ikinyesha usiku mmoja tu, asubuhi Ziwa Kivu linaonyesha kile ambacho mji ulinunua wiki iliyopita. Masashe meusi, masashe ya uwazi, chupa, viatu vya plastiki: vyote vinashuka kutoka milima ya Kadutu na Bagira, vinapita katika mto Kawa na mifereji, vinaingia ziwani, kisha maji yanavisukuma hadi Ruzizi. Kwenye bwawa la Ruzizi I vinakwama mbele ya mashine za umeme, na wafanyakazi wanavitoa kwa mashua na kwa mikono. Zaidi ya mara moja mashine zimesimama kwa ajili ya takataka hizo na watu wakabaki gizani. Anayelalamika leo kwamba umeme umekatika, pengine sashe yake ya chumvi ilikuwamo.

Sheria ipo. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe na mifuko ya plastiki katika Kongo. Ng'ambo ya daraja, Rwanda ilikataza mifuko hiyo tangu 2008, na kila anayevuka Ruzizi anajua kwamba sashe inabaki mpakani na vitu vinahamishiwa kwenye kitunga. Wakaaji wale wale wanaotupa sashe huku, wakifika kule wanabeba kitunga bila kelele. Kumbe wanaweza.

Lakini kwa nini amri hiyo haionekani sokoni? Wengi wanajibu haraka: watu ni wachafu, mama wa soko hawajafundishwa. Jibu hilo linaumiza watu bure. Anayenunua gunia la unga na bidoni ya mafuta hahitaji sashe. Anayezihitaji ni yule mwenye franga za chakula cha siku moja. Anachukua chumvi kidogo katika sashe, sukari katika sashe, mafuta ya mawese katika sashe, vijiko viwili vya nyanya ya kopo katika sashe, halafu anaweka zote katika sashe nyeusi yenye mkono. Hizo ni tano kwa sufuria moja ya chakula. Kesho anarudi kununua vile vile, kwa sababu pesa ya kununua vya wiki nzima haiko.

Kwa familia zilizokimbia vita jambo hili ni zito zaidi. Mama aliyetoka kwake na mtoto mgongoni na godoro kichwani hakubeba chupa ya mafuta wala kopo la chumvi. Anapopokelewa kwa jamaa au kulala katika darasa la shule, sashe inakuwa kabati lake. Inalinda chumvi na unyevu, inalinda kadi ya mpiga kura na mvua. Pale choo kiko mbali na usiku kuna hatari, hata haja inafanyiwa ndani ya sashe na kutupwa. Kumwambia mama huyo aache plastiki, bila kumuuliza mafuta atayatia wapi, ni maneno ya mkutano tu.

Hata hivyo, nyumbani kuna mambo ambayo hayangojei serikali. Chupa tupu za maji tayari zinatumika kuuzia mafuta ya mawese na hata petroli, kwa hiyo kwenda sokoni na chupa yako ndogo si jambo geni. Kopo lenye kifuniko linatosha kwa chumvi, lingine kwa sukari. Sambaza wanaingia kwenye bakuli. Lengalenga inatoka shambani ikiwa imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kuitia tena ndani ya sashe ni desturi tu. Zamani nyama ilifungwa katika jani la mgomba, na migomba haijakwisha Kivu.

Mama wa soko naye anahusika. Ile sashe ndogo anaitoa kama ya bure, lakini yeye anaziuziwa kwa paketi, na pesa hiyo lazima airudishe ndani ya kipimo. Mteja anayekuja na kopo lake anastahili matabishi kidogo. Hilo likianza kwenye meza mbili au tatu, watoto wanaotumwa sokoni watakumbuka kopo wenyewe.

Jambo la kuacha kwanza kabisa ni kuwasha mbabula kwa sashe. Inaeleweka kwa nini watu wanafanya hivyo: wakati wa mvua makala ni mabichi, sashe inashika moto haraka, watoto wana njaa. Lakini moshi ule una sumu, na katika nyumba ya chumba kimoja unaingia moja kwa moja katika kifua cha mtoto. Plastiki inayoyeyuka ikidondoka kwenye ngozi inashika na kuunguza. Magunzi ya mahindi yaliyokauka, majani makavu ya mgomba, vijiti na karatasi vinawasha pia, ila vinataka mtu avianike mapema. Siku ya salongo nako, rundo la masashe likichomwa kando ya barabara, moshi ni ule ule, na mtaa mzima unauvuta.

Kuna ombi moja kwa mashirika yanayogawa misaada. Wakimbizi wanapewa blanketi, sufuria na bidoni ya maji, na hayo ni mazuri. Lakini mafuta ya kupikia yakigawanywa kwa vipimo, anayekuja mikono mitupu anayapokea katika nini? Chupa moja na makopo mawili yenye vifuniko kwa kila familia haviwezi kuvunja bajeti ya shirika lolote. Kamati za wakimbizi ziliulize hilo kabla ya lori kufika, maana siku ya ugawaji hakuna anayesikiliza. Na mwenye nyumba aliyepokea wageni anaweza kuwapa leo hii ile chupa tupu iliyolala chini ya kitanda.