Aliyegongwa Kichwa Asirudi Uwanjani

Soka ni miongoni mwa michezo michache ambayo kichwa kitupu ni kifaa halali cha kazi. Beki huondoa kona kwa kichwa, mshambuliaji hufunga kwa kichwa, na wawili wakirukia mpira mmoja, paji la huyu hukutana na kisogo cha yule. Katika mkoa wetu, ambako helmeti ya bodaboda inasisitizwa na askari wa usalama barabarani kuanzia mpakani Tunduma hadi Vwawa, mtu akiona mchezaji amelala chini baada ya kugongana vichwa, swali linalomjia kwanza ni hili: mbona hawa hawavai kofia? Toleo hili linahusu afya ya wachezaji wa ligi za chini, na tumeona tulianze kwa kulipinga jibu lililojificha ndani ya swali hilo. Kofia haina ubaya wowote. Ila haifanyi kazi tunayodhani inafanya, na tunapoiota tunaiacha kanuni ambayo ingemlinda mchezaji wetu msimu huuhuu kwa gharama ndogo sana.

Kofia iliyojulikana kuliko zote katika soka ni ya Petr Čech. Tarehe 14 Oktoba 2006, mechi kati ya Reading na Chelsea ikiwa ndiyo kwanza imeanza, goti la Stephen Hunt lilimpata kipa huyo kichwani, fuvu likapasuka na kubonyea ndani. Alifanyiwa upasuaji, akarudi langoni Januari 2007 akiwa na kofia laini ya wacheza raga, na hakuivua hadi alipostaafu mwaka 2019. Sheria ya 4 ya mchezo inaruhusu vazi la namna hiyo, mradi lisimdhuru mwingine. Lakini Čech alikuwa akilinda mfupa uliokwisha kuvunjika. Mtikisiko wa ubongo ni jambo jingine kabisa. Ubongo umekaa ndani ya ugiligili, haukushikizwa kwenye fuvu. Kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, wenyewe huendelea na mwendo wake na kujivuta. Anayeishi kando ya barabara ya Zambia ataelewa upesi: bampa likiwa gumu au laini, mzigo usiofungwa utasogea tu lori likipiga breki. Kofia ni bampa.

Ushahidi umefuata mantiki hiyo. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wanaocheza soka, zaidi ya 2,700, baadhi yao wakivaa kofia za sifongo na wengine wakicheza vichwa wazi. Matokeo yalitoka mwaka 2019, na kofia haikupunguza mitikisiko ya ubongo. Ndondi nazo zina funzo, ingawa lina ubishi wake: mwaka 2013 shirikisho la dunia la ndondi za ridhaa liliwavua wanaume wakubwa kinga za kichwa, na kwenye Olimpiki ya Rio 2016 walipigana bila kinga hizo. Wapo madaktari wasiokubaliana na hoja zilizotolewa wakati ule, na huenda wana haki. Linalotuhusu ni kwamba hata mchezo wenye lengo la kupiga kichwa haukuweza kuonyesha pasi na shaka kwamba sifongo huuokoa ubongo.

Madhara yenyewe si ya kufikirika. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Glasgow kilichapisha uchunguzi wa wachezaji wa zamani 7,676 waliocheza soka la kulipwa Uskoti, wakilinganishwa na watu wa umri na mazingira yao. Wachezaji hao walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa maradhi ya kuchakaa kwa ubongo. Miaka miwili baadaye watafiti walewale wakatenganisha nafasi za uwanjani: walioathirika zaidi ni mabeki, na walioathirika kidogo kuliko wote ni makipa. Kwa hiyo kofia iliyotuvutia macho miaka yote ilikuwa juu ya kichwa cha mtu wa nafasi yenye hatari ndogo kwa maradhi haya ya uzeeni. Kinachotiliwa shaka zaidi ni marudio ya miaka, yaani mipira ya vichwa na migongano iliyopuuzwa, mmoja juu ya mwingine.

Migongano huanza kupuuzwa ndani ya dakika chache tu baada ya kutokea. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwa na bega la mpinzani, akainuka, akaendelea kucheza kwa takriban robo saa, na katikati ya hali hiyo akamuuliza mwamuzi kama kweli ile ilikuwa fainali. Uwanja ule ulikuwa na madaktari bingwa na kamera zisizohesabika. Baada ya hapo FIFA ikaruhusu mwamuzi asimamishe mchezo hadi dakika tatu ili daktari wa timu aamue. Januari 2021 yakaanza majaribio ya nafasi ya ziada ya kumbadili aliyegongwa kichwa, na tangu Julai 2024 nafasi hiyo imo katika sheria za mchezo, kwa mashindano yatakayoamua kuitumia. Anayetolewa kwa njia hiyo harudi tena katika mechi ile.

Chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, hakikuridhika. Kinataka mbadala wa muda, ili daktari apate nafasi ya kumpima mchezaji kwa utulivu na kumrudisha akiwa mzima. Kwa ligi kubwa hoja hiyo ni nzito. Kwetu inageuka. Klabu za Ligi Kuu zilizo jirani, kama Tanzania Prisons ya Mbeya, zina daktari kwenye benchi. Teremka hadi ligi ya wilaya au kombe la diwani huko Momba na Ileje, na sanduku la huduma ya kwanza mara nyingi ni chupa ya maji ya baridi na dawa ya kupuliza. Nani atapima kwa utulivu huo? Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma, kwenye barabara ya malori. Pasipo mpimaji, kanuni isiyomrudisha mtu ndiyo inayotekelezeka. Kwa hiyo tunapendekeza vyama vya soka vya mkoa na wilaya viandike katika kanuni za mashindano yao kwamba aliyegongwa kichwa akionyesha hata dalili moja, iwe kuyumba, macho kupotea, kutapika au kutojua matokeo ya mechi, anatoka, timu inapata mbadala wa ziada, na yeye hachezi tena siku hiyo. Kusubiri azimie ni kosa, kwa sababu wengi wanaotikisika ubongo hawapotezi fahamu kamwe.

Tutaambiwa timu zitajiangusha ili zipate mbadala wa bure. Sheria imeliona hilo: timu moja ikitumia nafasi hiyo, mpinzani naye anapewa ya ziada, na aliyejifanya ameumia amekwisha kazi kwa mechi hiyo. Makocha wetu ni wajanja, lakini hatumwoni kocha atakayemtoa mfungaji wake kwa faida anayoigawa na adui. Tutaambiwa pia kwamba mwamuzi si daktari. Ni kweli, na kanuni hii haimwombi atibu. Inamwomba aone mtu anayeyumba, kazi ambayo shabiki wa jukwaani huifanya kila wiki kwa kelele.

Pingamizi zito ni la baada ya mechi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unataka mchezaji asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Mshambuliaji wa Tunduma anayeendesha bodaboda, anayepakia mizigo mpakani au anayevuka kwenda Nakonde kuuza bidhaa anaweza kuzikosa mechi tatu. Kukosa riziki ya siku za mwanzo, ambapo anapaswa kupumzika na kukaa mbali na pikipiki, hawezi, na hakuna kanuni ya mchezo itakayomlisha. Hapo ndipo fedha zinahitajika kweli. Waandaaji wanaotoza ada ya ushiriki na kutafuta wafadhili wa jezi na ng'ombe wa zawadi wanaweza kutenga sehemu ya makusanyo kuwa posho ya aliyetolewa kwa kanuni hii. Bei ya kofia moja ya kuagiza kutoka nje ingeweza kumweka mtu mmoja nyumbani siku hizo, na mfadhili akiuliza jina lake litaandikwa wapi, liandikwe kwenye fomu ya kamisaa, penye safu ya majeruhi wa kichwa, ambayo kwanza tunaomba iwepo.