Tengeneza difu kabla ya msimu wa korosho

Minada ya korosho Nachingwea na Ruangwa huanza Oktoba, na mvua hufuata muda si mrefu. Hapo ndipo wenye magari wengi hukumbuka springi na difu, gari likiwa limeshalala njiani na mzigo wa watu.

Historia ya hapa inatosha kutufunza. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika Nachingwea, uliachwa 1951. Mitambo mibovu na uhaba wa vipuri ni baadhi ya yaliyouponza.

Wakati wa matengenezo ni Agosti na Septemba, fedha ya ufuta ikiwa bado mfukoni. Kaza boliti zinazoshika springi, badili bushi zilizolika. Kwenye difu, legeza kwanza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga oili, gari halitoki. Oili ikitoka kama maziwa, imeingia maji. Ukikuta vipande vya chuma, mwite fundi aifungue.

Matengenezo ni gharama ya kila safari, kama dizeli. Basi tenga fungu lake katika kila nauli ya mzigo. Difu ikisagika, faida ya msimu mzima huishia duka la vipuri.