Mama mwenye daftari kizuizini

Hebu fikiria mwanao ana mtihani saa mbili asubuhi, na kati ya nyumbani na shuleni kuna askari mwenye bunduki anayeamua nani apite. Hayo ndiyo maisha ya Wapalestina wengi wa Ukingo wa Magharibi, eneo ambalo Israeli imelikalia tangu vita vya 1967.

Mnamo 2001 wanawake watatu nchini Israeli walianzisha kundi liitwalo Machsom Watch. Machsom ni neno la Kiebrania, maana yake kizuizi. Kundi hilo ni la akina mama pekee, wengi wao wenye wajukuu. Hawana silaha wala cheo. Wamekuwa wakisimama kwenye vizuizi kama Qalandiya, kati ya Ramallah na Jerusalem, wakitazama foleni na kuandika waliyoyaona ili umma usome. Mgonjwa akicheleweshwa, humwuliza askari sababu, au huwapigia simu wakubwa wake.

Wangeweza kunyamaza, kwani askari hao ni watoto wa kwao, wengi wakiitwa jeshini kwa lazima wakiwa na miaka 18. Lakini si rahisi kijana kumtukana mzee wa watu huku mama wa rika la mamake anamtazama, daftari mkononi.

Je, wameviondoa vizuizi? La. Wapo hata wanaowalaumu kwamba kuwepo kwao kunavipa sura ya uungwana. Hata hivyo, dhuluma hupenda giza. Usipoweza kumfungulia njia mtoto wa mwenzio, angalau usigeuze uso.