Karatasi gani hiyo?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, nilikuwa nakimbizana na programu ya kuchapa ripoti za wanafunzi. Leo nataka kuongea kuhusu karatasi. Ndiyo, karatasi. Msikimbie.

Juzi hapa Kaloleni nilinunua nyanya, nikamwomba mama muuzaji karatasi. "Shika hii, nyathina," akanipa mfuko wenye sura ya kitambaa. Hakukosea. Kenya tumeita juala "karatasi" miaka mingi hivi kwamba hata baada ya marufuku ya Agosti 28, 2017 jina limebaki. Na huo mfuko wa sura ya kitambaa? Ni polipropilini, yaani plastiki vilevile. Basi nikabeba nyanya zangu ndani ya plastiki inayoitwa karatasi na kuvaa kama nguo.

Mtasema ni maneno tu. Mimi naandika programu, najua maneno yanavyogharimu. Ile programu ya ripoti niliiacha na ukubwa wa Letter, karatasi ya Wamarekani, wakati kila duka hapa linauza A4. Letter ni fupi kwa milimita 18 na pana kwa milimita 6 kuliko A4. Milimita 6 si kitu, eti? Pambizo zangu zilikuwa nyembamba, safu ya mwisho yenye alama ikakatwa darasa zima. Rimu moja unusu ikaenda kufungia maandazi. Kosa langu kabisa.

A4 yenyewe ina akili sana. Wajerumani waliiweka kwenye viwango vyao mwaka 1922: A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na kila ukiikunja katikati unapata ndogo yake yenye umbo lilelile. A4 kumi na sita hutoka kwenye A0 moja. Kwa hiyo ule mwandiko "80 gsm" kwenye rimu, yaani gramu 80 kwa mita ya mraba, unakuambia kwamba karatasi moja ina gramu 5 na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5. Ukiwa na mizani ya sukari dukani, unaweza kumkamata anayekuuzia 70 kwa bei ya 80.

Lakini yale maandishi mengine kwenye rimu ndiyo yanayoniudhi. FSC inahusu msitu ulikotoka mti. Haikuambii maji ya kiwanda yalimwagwa wapi. Halafu kuna ECF na TCF, ambazo nimeona watu wakizitafsiri zote "bila klorini". Si kweli! ECF haitumii gesi ya klorini lakini hutumia klorini dayoksaidi kung'arisha rojo. TCF ndiyo isiyotumia klorini ya aina yoyote. Tukizipa jina moja tumemdanganya mnunuzi, na kwa Kiswahili kizuri.

Sisi wa huku ziwani tuna sababu ya kujali. Webuye kulikuwa na Pan African Paper Mills, iliyoanza kuzalisha miaka ya 1970 na kufungwa 2009, kisha ikanunuliwa na kampuni za Rai mwaka 2016. Vipande vya mbao hupikwa kwa soda kali na salfaidi, ndiyo maana viwanda vya namna hiyo hunuka kama yai bovu. Mto Nzoia unapita hapo na kumwaga maji yake kwenye Ziwa Victoria. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kipimo kiitwacho BOD, kisichozidi miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayoingia mtoni. Maana yake ni oksijeni ambayo vijidudu vitahitaji ili vimalize kula uchafu huo. Oksijeni hiyohiyo ndiyo anayovuta ngege. Sasa mvuvi wa Dunga atauliza vipi juu ya "BOD"? Mpe "njaa ya oksijeni" uone kama hatauliza maswali makali.

Inawezekana. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Mtu asiseme lugha haitoshi.

Kwa upande wangu nimeshabadilisha: programu sasa huanza na A4, huchapa pande mbili isipokuwa ukatae, na kabla ya kuchapa inakuonyesha uzito kwa kilo. Shule ya wanafunzi 600, ripoti ya kurasa mbili: kilo 6 ukichapa upande mmoja, kilo 3 ukichapa pande mbili. Kitufe nimekiita "Pande mbili". ECF bado sijaipatia jina lisilo na uongo. Mwenye nalo aniandikie.