Mche Mmoja, Mikono Mingi

Kila mwanachama aliyefika ofisini petu Forodhani ameuona mche wa mkarafuu uliowekwa ndani, karibu na dirisha, katika chungu kizuri cha udongo. Tuliuweka hapo kwa makusudi, ili mgeni aingiapo aijue kazi yetu kabla hajauliza. Basi mche huo nusura ufe, na waliotaka kuuua ni sisi wenyewe, kwa mapenzi. Hatuoni aibu kulieleza jambo hili, kwani kosa letu ndilo lifanywalo katika vitalu vya wanachama wengi.

Mwenye kufagia akiumwagia kopo la maji kila asubuhi. Karani akiumwagia masalio ya maji yake ya kunywa adhuhuri. Nasi wa meza ya ukatibu, tukiona majani yamelegea, tukiongeza letu jioni. Hata waliokuja kulipa ada waliuhurumia. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baada ya wiki chache majani ya chini yakageuka manjano, ncha ikainama, nasi tukazidisha maji.

Mizizi nayo hupumua. Huvuta hewa iliyo baina ya chembe za udongo, na udongo ukijaa maji hewa hiyo hutoka. Mzizi uliokosa pumzi huoza, na uliooza hauwezi kunywa. Ndipo mche hunyauka kama wenye kiu, hali umesimama majini. Ndani ya nyumba mambo huzidi, kwa kuwa mwanga ni mdogo, upepo ni haba, na maji huchelewa kukauka. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Wapenda mvua, lakini hauyawezi maji yaliyotuama. Ndiyo maana hustawi katika ardhi ya kinongo inayopitisha maji, na mabonde ya kinamo tukayaachia mpunga.

Mwanachama mwenye mche wa namna hii na afanye hivi. Kwanza atie kidole udongoni hata kifundo cha pili. Ikiwa kumelowa na mche umelegea, aache maji mara moja. Kisha autoe taratibu na kuitazama mizizi. Iliyo hai ni migumu na rangi yake imeng'aa. Iliyooza ni myeusi, laini, na hunuka. Hiyo aikate kwa kisu safi. Aupande upya katika udongo mpya uliochanganywa na mchanga, ndani ya chombo chenye matundu chini. Chungu chetu, kwa uzuri wake wote, hakikuwa na tundu hata moja! Auweke kivulini penye mwanga na hewa, asiutie mbolea mpaka uchipue, na asiumwagie tena ila udongo wa juu ukikauka.

Wako wasemao kwamba mche ukifa utapatikana mwengine, basi ya nini taabu yote hii? Hatukubaliani nao. Mbegu ya karafuu haiwekeki ghalani kama mahindi. Ikikauka imekufa, na lazima ioteshwe ingali mbichi. Mche hukaa kitaluni mwaka au zaidi, na ukishapandwa shamba mtu hungoja kiasi cha miaka sita au zaidi ndipo apate kuchuma. Dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, iliyorudi ilirudi kwa miche kama hii. Aupotezaye mche amepoteza miaka yake, na pengine ya mwanawe.

Lakini kosa kubwa twaliona kwengine. Sisi huhesabu kumwagia maji kuwa ndiyo bidii. Kijana wa kitaluni abebaye ndoo nyingi husifiwa, na yule achutamaye kupapasa udongo kisha akaondoka bila ya kumwaga kitu huitwa mvivu. Huyu wa pili ndiye mkulima. Chuoni tulifundishwa kuwa israfu haifai hata katika maji ya kutawadhia. Vipi tumeisahau kwenye miche?

Shauri letu ni kwamba kila kitalu kiwe na mtu mmoja tu mwenye dhamana ya maji, naye aulizwe kwa hali ya miche, si kwa idadi ya ndoo. Na kila chombo kitobolewe kabla ya kutiwa udongo.

Mche wetu sasa uko kwenye kopo kuukuu lililotobolewa kwa msumari, barazani. Umepoteza majani mengi, lakini ncha imetoa mawili mapya, mekundu. Hatusemi kuwa umekwisha pona. Mwanachama atakayefika na ausalimu. Maji utapewa na mwenye zamu yake.