Jiwe Lililoyeyuka Nusu

Barabara ya Lodwar hadi Kalokol hupita penye nguzo za mawe za Namoratunga. Masimulizi husema ni watu waliogeuka mawe. Wanajiolojia husema ni basalti, uji wa moto ulioganda.

Lakini kuna mwamba uyeyukao nusu tu. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana, na miamba mikongwe ya Kenya, toka Turkana hadi Machakos, ikazikwa kilomita nyingi ardhini. Penye maji, joto la nyuzi 650 hivi huyeyusha kwanza madini meupe, kama mafuta yachuruzikavyo katika nyama ya mbuzi juu ya makaa; meusi hubaki.

Milima ile imekwisha. Imebaki mistari maweni. Kijana, itazame kokoto kabla hujaichanganya na saruji.