Biashara Nyumbani Isilete Ugonjwa Nyumbani

Siku hizi katika parokia zetu, iwe Ngamiani, Muheza au Pangani, ni nyumba chache zisizo na mradi ndani yake. Mmoja ana cherehani, mwingine anachemsha sabuni, wa tatu anauza mafuta ya taa kwa kipimo. Twawapongeza wote, kwani ada za shule na chakula hutoka humo. Hata hivyo tunapotembelea nyumba hizo, jambo moja hututia wasiwasi: mradi umechukua nyumba nzima, na watoto wamebakiziwa pembe.

Tuchukue mfano wa chumba cha mshonaji wakati wa masika. Mvua inanyesha, dirisha limefungwa ili vitambaa visilowe, pasi ya mkaa iko mezani, na mtoto mchanga amelala kitandani hatua mbili tu kutoka hapo. Mama anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, naye asema ni uchovu wa kazi. Huenda sivyo. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aweza kufa usingizini bila kukohoa hata mara moja. Mkionapo dalili hizo, tokeni nje wote penye hewa safi, kisha nendeni hospitali bila kuchelewa.

Hata moshi tunaouona tumeuzoea mno. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5.

Yuko pia mtengeneza sabuni anayeweka maji ya kostiki soda katika chupa ya soda, na muuza mafuta ya taa afanyaye vivyo hivyo. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Akinywa, msimtapishe, maana kostiki itamchoma koo mara ya pili, na mafuta ya taa yaweza kuingia katika mapafu. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na ile chupa.

Kwa maoni yetu, kabla ya kukopa fedha za kununua cherehani ya pili, familia haina budi kutenga ofisi. Wapo watakaotucheka: “Tuna vyumba viwili tu, ofisi tutaiweka wapi?” Ofisi tunayoisema ni mpaka, hata kama ni wa kona moja. Wazee wetu wa pwani walituachia baraza mbele ya nyumba, penye mwanga wa kutosha na upepo wa kusi au kaskazi kwa majira yake. Cherehani ikae hapo mchana. Msipokuwa na baraza, iwekeni karibu na dirisha, nalo libaki wazi. Pasi ya mkaa iwashiwe nje na kutumiwa penye hewa, kamwe isiingie chumba cha kulala. Kostiki na mafuta ya taa viwe katika vyombo vyenye alama, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Mwili wa mfanyakazi nao ni mtaji. Kiti kiwe na egemeo, na meza isimlazimishe kuinama. Kila baada ya muda mfupi ainue macho atazame mbali, asimame, anyooshe mgongo.

Mwisho, ofisi iwe na daftari na saa ya kufunga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba hupotea pamoja na usingizi. Anayechanganya fedha za mradi na za mboga hukesha akihesabu deni asilolijua, na asiyelala vizuri hudhoofika. Andikeni kila jioni kilichoingia na kilichotoka, fungeni daftari, na wateja wajue kwamba baada ya saa hiyo nyumba ni ya familia.

Haya yote hayagharimu fedha nyingi. Gharama yake kubwa ni kukubali kusogeza kitanda na kufungua dirisha. Jioni ya leo, baba na mama, simameni mlangoni mwa chumba chenu cha kazi mjiulize: mtoto wetu analala wapi, na anavuta hewa gani? Mradi tulioanzisha kwa ajili yake usije ukamdhuru yeye kwanza.